Rangi ya Unga kwenye Tanuri la Boflo

Mume wangu, Mtoro Mikidadi, ana maneno machache, na nusu ya hayo machache ni "tutaona." Muulize kama mvua itanyesha, tutaona. Muulize kama mchuzi umekolea chumvi, tutaona, na huku kijiko kiko mdomoni! Nimekaa naye miaka kumi na minne hapa Dunda, mjini Bagamoyo, na mimi Adija binti Majaliwa maneno hayajawahi kunipungukia, kwa hiyo nyumba imekwenda sawa: mimi nasema, yeye anafua chuma. Leo nataka kumsema yeye. Mwenyewe hatajisema hata umfungie chumbani.

Baba yake alikuwa mfua misumari ya majahazi, ile mirefu ya mkono ambayo kila mmoja una sura yake. Mtoro alikua akivuta mivukuto mpaka mabega yakawa mapana kuliko mlango wa jiko langu. Misumari ya dukani ilipozidi kuwa rahisi, mzee alizima moto wake, na Mtoro akaenda kuomba kazi kwenye karakana ya mashua kule Mbegani. Ilikuwa ndiyo kwanza tumepata uhuru. Wakampa ufagio. Alifagia mwaka mzima bila kunung'unika, na huku anafagia anatazama. Mwaka wa pili fundi mmoja akaugua, na Mzee Bwanausi, msimamizi wa karakana, akauliza nani anaweza kuchomelea badala yake. Mtoro akasema, "Tutaona." Ufagio hakuushika tena.

Kitu kimoja kimemkera maisha yake yote, nacho ni kutu. Nyinyi wa bara kutu mnaisikia tu. Huku kwetu upepo wenyewe una chumvi. Ukisahau kisu dirishani leo, kesho kina madoadoa. Mtoro alikuwa akitengeneza kitu kizuri, anakipaka rangi mara mbili, na mwaka hauishi rangi imeinuka na chini yake chuma kimeliwa. Siku hizo alirudi nyumbani amenuna kama mtu aliyetukaniwa mama yake. "Imekula tena," ndiyo ilikuwa salamu yake. Nami siulizi nini kimekula nini, namwekea chakula.

Basi mwaka wa sabini na tatu mtaalamu wa kigeni alikuja pale karakana na pipa la unga. Unga mkavu wa plastiki, rangi ya buluu, laini kuliko ngano. Siku hiyo Mtoro alirudi akazungumza tangu magharibi mpaka isha. Nikamshika paji la uso, nikidhani ana homa.

Alinieleza hivi. Rangi tuliyoizoea ni majimaji. Unapaka kwa brashi, inakauka, na katika kukauka inaacha vitundu visivyoonekana kwa macho, chumvi inapenya humo. Huu unga haupakwi. Chuma kinapashwa moto ndani ya oveni mpaka kiive barabara, kisha kinatumbukizwa kwenye unga. Unga ukigusa moto ule unayeyuka na kukishika chuma pande zote, na kikitoka kimevaa ngozi moja isiyo na mshono. Tena unga wenyewe haulali: chini yake kuna kitambaa, na chini ya kitambaa unapulizwa upepo, basi unga unacheza na kupanda kama maziwa yanayotaka kufurika. Chuma kinazama humo bila kusukumwa. Walivivika hivyo vichanja vya kupangia samaki, vikashinda katika maji ya chumvi mwaka mzima visipate hata doa.

"Adija," akaniambia siku vilipotolewa majini, "kutu imepata kiboko yake."

Lakini mtaalamu muda wake ulikwisha akaenda zake, na oveni yake ya umeme ikapelekwa kwingine. Karakana ikarudi kwenye brashi. Pipa likabaki pembeni na unga kidogo chini, wala hakuna aliyeuulizia.

Hayo ni ya Mbegani. Sasa ya nyumbani kwangu.

Tuna mtoto mmoja, Zuleha. Alipokuwa na mwaka na nusu alishikwa na homa siku tatu. Homa ikatoka, mguu wa kushoto ukabaki umelala. Wakatuambia ni polio. Mpaka anatimiza miaka mitano alikuwa akitambaa uani, goti moja linasukuma na mguu wa pili unafuata nyuma, nami nafagia kila asubuhi mawe yasimchune. Ndipo hospitali kule Dar es Salaam ikampa chuma cha mguu: fito mbili bapa, moja kila upande, pete ya kuzunguka paja, mikanda ya ngozi, na chini zinaingia kwenye kisigino cha kiatu. Siku aliyosimama nacho nilipiga vigelegele mpaka jirani yangu Bimdogo akaja mbio na kanga mkononi, akidhani nimepata mkwe.

Chuma kile kilikuja na rangi nyeupe nzuri. Miezi mitatu, rangi imeinuka. Jasho la mtoto na upepo wetu, basi. Kutu ikawa inakwaruza kama msasa, inamsugua pajani na kifundoni, kikatoka kidonda. Nikamfunga vitambaa, vitambaa vikashika jasho, kutu ikazidi. Mtoro akasugua akapaka rangi. Mwezi mmoja, imeinuka. Akapaka tena. Mwezi wa kumi mwaka wa sabini na tano tukampeleka kliniki, na daktari akakitazama kidonda kwa muda mrefu. Mimi simpendi daktari anayetazama kwa muda mrefu.

"Mama, kidonda hiki kikichimba zaidi ya hapa, namvua chuma," akasema. "Na kipya kina foleni. Si chini ya mwaka."

"Akikaa mwaka bila chuma itakuwaje, daktari?"

"Goti litapinda. Likishapinda, hata kipya kikija hakitamwingia."

Akatuambia turudi mwezi wa kwanza akione. Na mwezi huo huo wa kwanza Zuleha alikuwa aanze darasa la kwanza, jina limekwisha andikwa. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: ama kidonda kifunge aende shule kwa miguu yake, ama arudi kutambaa uani, na safari hii mpaka mwisho wa umri wake. Nililia njia nzima kwenye basi, nikimgeuzia mtoto kisogo asinione.

Tulipofika mlangoni Mtoro akasema, "Ule unga."

Kesho yake alimwomba Mzee Bwanausi ule unga uliobaki chini ya pipa. "Chukua, hata panya hawautaki," mzee akamwambia. "Lakini utaukaanga wapi, bwana? Oveni huna."

Jioni nikamwona mume wangu amesimama nyuma ya nyumba, debe la unga mkononi, analitazama tanuri langu.

Niseme habari za tanuri. Mimi naoka boflo. Tanuri ni la udongo, la kuni, nililirithi kwa shangazi yangu Mwanabaraka, na nusu ya mtaa hunywa chai ya asubuhi kwa mkate wangu.

"Hapana," nikasema kabla hajafungua mdomo.

"Sijasema kitu."

"Umesema kwa macho! Mikate yangu inuke plastiki? Watu wa mji huu waseme Adija anatia mpira kwenye boflo?"

Akauliza, taratibu, "Kwani joto lake linafika?"

"Linafika! Tanuri hili likitaka linakuchoma wewe na baiskeli yako pamoja."

"Basi," akasema, akaliweka debe chini. Nikajua nimekamatwa. Mtu wa maneno machache anakufanya wewe uyaseme yote, halafu anachukua lile analolitaka. Na kusema kweli ningemkatalia vipi, mtoto yuko mlangoni anakuna kitambaa cha kidonda? Nilimpa masharti tu: chuma kiingie ndani ya debe la bati lenye kifuniko, na siku ya kazi hiyo mikate isiokwe.

Wiki mbili tulioka misumari. Mtoro alipata kipande cha bomba pana, akafunga kitambaa cha marekani, kile cheupe cha pamba, ndani yake, chini akachomeka pampu ya baiskeli. Ukipampu, unga unapanda na kucheza. Bimdogo ndiye aliyepampu, kanga kiunoni, akicheka mpaka anakohoa. "Hii kazi inanikondesha bure, fundi! Ukimaliza mguu wa mtoto univike na mimi magoti, yanalia."

Tabu ilikuwa joto. Oveni ya mtaalamu ilikuwa na saa inayoonyesha. Tanuri langu halina saa, lina mimi. Mwoka mikate hurusha chembe ya unga wa ngano sakafuni mwa tanuri, akahesabu. Chembe ikigeuka hudhurungi mapema mno, joto ni kali, ikikawia, bado. Mtoro akaleta msumari, nami nikarusha na kuhesabu, kila mara tofauti. Kwa hesabu ya sita plastiki iliungua ikawa ya kahawia. Kwa hesabu ya ishirini iligoma kuyeyuka, ikabaki chengachenga. Kumi na mbili! Kwa kumi na mbili msumari ulitoka buluu, unang'aa. Mtoro aliupiga nyundo ukapinda, ngozi yake haikupasuka. Akanitazama kama ananiona mara ya kwanza. Wallahi nilifurahi, nikajifanya nachochea moto.

Sasa ndiyo nafika kwenye shari yangu.

Alhamisi jioni, mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili, alikifungua chuma cha Zuleha kipande kipande, akaondoa mikanda. Akakisugua kwa msasa mpaka kikawa cheupe kitupu, akakiosha kwa maji ya moto na magadi, akavitundika vipande jikoni kwa waya. "Asiguse mtu," akasema, akaenda kulala.

Alfajiri niliingia jikoni kuchukua kuni za kuwashia tanuri. Nikaviona vile vipande vinaning'inia, vitupu, na ukungu wa bahari unaingia dirishani. Nyumba zetu za huku, chuma kitupu hakiachwi hivi hivi. Mbuzi ya kukunia nazi ukiimaliza unaipaka mafuta ya nazi, panga unalipaka, mkasi unaupaka, hata komeo la mlango. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla hajanifundisha kupika. Na chuma hiki ni cha mwanangu! Nikaona kutu inakijia mbele ya macho yangu. Nikachukua kitambaa, mafuta kidogo tu, nikasema bismillahi, nikapaka vipande vyote kwa mapenzi, kisha nikafuta kwa kitambaa kikavu ili asione. Alikuwa amesema asiguse mtu, najua. Nikajiambia mtu ni wale wengine. Mimi ni mke wake.

Asubuhi chuma kikaingia tanurini, na kikaanza kufuka moshi mwembamba. Mtoro akanusa. "Nazi?"

"Tanuri limekula mikate ya nazi miaka kumi," nikasema. "Ulitaka linuke udi?"

Akarudi kwenye bomba lake. Chembe ikageuka kwa kumi na mbili, Bimdogo akapampu, Mtoro akazamisha kipande kimoja kimoja kwa waya, na kila kimoja kikatoka kimevaa buluu. Nzuri! Hata muuza kahawa aliingia uani kutazama. Zuleha alikivaa alasiri ileile, akazunguka mtaa wote akionyesha watu mguu, yeye aliyekuwa akiuficha chini ya gauni.

Siku ya tano alinijia jikoni. "Mama, chuma kinachubuka."

Kifundoni buluu ilikuwa imeinuka. Mtoro aliporudi kutoka kazini akatia ukucha, akavuta, na ngozi yote ikatoka kama ganda la yai la kuchemsha, tangu kifundoni mpaka gotini. Chini yake chuma kilikuwa na utando mweusi unaonata. Nikaukaribia, nikanusa. Nazi iliyoungua.

Mtoro hakunusa. Alikaa kwenye kibao, lile ganda la buluu mkononi, akaligeuza, akaligeuza. "Nilidhani nimejua," akasema.

Hakula usiku ule wala kesho yake. Misumari ilishika, chuma cha mtoto kikakataa, naye akatafuta kosa kila mahali isipokuwa mahali lilipo: labda chuma ni cha aina nyingine, labda mtaalamu alikuwa anafanya jambo ambalo yeye hakuliona. "Nilikuwa nafagia tu na kutazama," akaniambia. "Mtu hawezi kujua kazi ya watu kwa kutazama. Mimi ni wa ufagio, Adija." Maneno marefu kuliko yote aliyopata kuniambia kuhusu nafsi yake, na yote ni ya uongo, na mwenye kujua kuwa ni ya uongo ni mimi.

Mnaniuliza kwa nini sikusema papo hapo? Kwa sababu mimi na neno "nimekosa" hatukuwa tukijuana. Waulize watu wa Dunda. Adija akiunguza wali, kuni ndizo mbaya. Siku mbili nilipita mbele ya mume wangu na sahani, na ndoo, na ufagio, nikijiambia nitasema baada ya kula, nitasema baada ya kuswali. Na Zuleha amevuliwa chuma anatambaa uani. Siku ya pili nilimwona amefika mlangoni, watoto wenzake wanapita na vibuyu vya maji, naye anawatazama kutoka chini.

Asubuhi ya tatu Mtoro alifunga debe la unga nyuma ya baiskeli.

"Unakwenda nalo wapi?"

"Narudisha. Kisha Jumatatu nampeleka mtoto kwa daktari, aamue mapema juu ya chuma hiki. Bora nimwambie mwenyewe kuliko kidonda kifike mfupani."

Nikaenda nikasimama mbele ya gurudumu. Nikashika usukani. "Si wewe," nikasema. "Ni mimi. Nilikipaka mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya nazi. Alfajiri ile. Nilikionea huruma, kilikuwa kitupu. Halafu nikafuta usione. Ule moshi uliunusa sawa, nami nikakudanganya. Nimekosa, Mtoro. Nimekosa, nimekosa." Likishatoka la kwanza, mengine yakaja yenyewe.

Akanitazama. "Umejua lini?"

"Tangu ulipolichuna ganda."

"Siku mbili."

"Siku mbili."

"Siku mbili nimekaa najiona sijui kitu," akasema polepole. "Nawe uko jikoni unanitazama."

Laiti angenipiga kelele! Ningejibu, tungegombana, Bimdogo angekuja kuamua, yangekwisha. Hakunipigia kelele. Aligeuza uso akatazama ukuta, na nikaona taya lake linacheza, nikajua nimemuumiza mtu ambaye hajaniumiza hata siku moja. Nikalia pale pale barabarani, watu wanapita, shikamoo zao sizipokei.

Baada ya kitambo nikasikia kamba inafunguliwa. Alilishusha debe, akaingia ndani, akatoka na msasa, akaniwekea mkononi. "Safisha wewe," akasema. "Na unga huu unatosha mara moja tu. Baada ya hapo hakuna."

Nilisugua kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Vidole vilichubuka. Nikaosha kwa magadi, nikamletea. Akamwagia chuma maji safi, akanionyesha: maji yakajikusanya matone matone. "Hayo ni mafuta," akasema. "Kikiwa safi maji hutanda." Nikarudi. Mara ya pili, matone. Mara ya tatu, matone machache pembeni. Mafuta ya nazi yana ukaidi, Mola wangu, nilikuwa sijui! Mara ya nne maji yakatanda sawasawa kutoka juu mpaka chini, na tokea hapo hakuna mkono ulioshika chuma kile, tulikibeba kwa waya.

Tanuri lilikuwa tayari. Nikarusha chembe, nikahesabu; ikageuka kwa nane. "Kali. Ngoja." Nikavuta makaa nje. Nikarusha. Kumi. "Ngoja." Mtoro alikuwa na koleo mkononi, jasho linamtiririka, anasubiri neno langu. Hakuniuliza kama nina hakika, na hilo ndilo lililonikaza moyo. Nikarusha tena. Tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. "Tia!"

Debe lenye chuma likafunikwa, likakaa mpaka chuma kikashika joto. Nikanusa hewa kwa hofu: kuni tu. Bimdogo akapampu, safari hii hakucheka hata kidogo, midomo inasoma dua. Fito ya kwanza ikazama, ikatoka. Ya pili. Pete ilipoingia, unga katika bomba ulikuwa umeshuka sana. Mtoro aliizungusha ndani yake, mkono mtulivu, mpaka buluu ikafika kila mahali. Ikabaki konzi moja ya unga. Tukavirudisha tanurini kidogo vilainike, tukavitundika vipoe vyenyewe. Tulikaa watatu tumeegemea ukuta, tukivitazama vyuma kama wageni.

Vilipopoa Mtoro alichukua kisu, akajaribu kuinua ukingo wa ile ngozi. Hakikuingia. Akajaribu upande wa pili, akatia nguvu. Hakikuingia. Hapo akakiweka kisu chini, akafuta uso kwa kiganja, akaniambia, "Nipe chai, mke wangu." Mke wangu! Tangu asubuhi nilikuwa sina jina. Nilikwenda kuipika nikiwa nalia tena, na nikaitia sukari mara mbili.

Zuleha alivaa. Siku ya tano nilimshika mguu nikakagua kwa vidole, siku ya kumi, siku ya ishirini. Mtoto akachoka nami. Ngozi ile ilikuwa laini, haikumsugua. Jasho unalifuta kwa kitambaa chenye maji, basi. Kidonda kikaanza kukauka kingo, kikajikunja, kikafunga. Tulipokwenda kliniki mwezi wa kwanza daktari alikitazama kwa muda mfupi, kisha akashika chuma, akakigonga kwa kalamu.

"Nani kafanya hivi?"

"Fundi Mtoro Mikidadi," nikasema, na nikasema kwa sauti, kliniki nzima isikie, ingawa mwenyewe alikuwa amesimama pale pale nyuma yangu anatazama viatu. Mzee Bwanausi naye alikuja mpaka nyumbani kukiona. Alikipapasa, akatikisa kichwa, akasema ataandika barua kuomba pipa jingine la unga. Mtoro akamwambia, "Tutaona."

Siku ya kufungua shule ilikuwa Jumatatu. Usiku wake mvua ilinyesha, na njia ya kwenda shule ilikuwa madimbwi matupu. Mtoro alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alitoa baiskeli, nyuma amefunga mto kwa kamba, mtoto akichoka akae. "Ni mbali," akasema. "Hata robo ya njia akifika, si haba."

Zuleha alivaa sare, akakaza mikanda mwenyewe, akatoka. Mimi huku, baba yake huku na baiskeli. Dimbwi la kwanza alilipita katikati. Mdomo ulifunguka nipige kelele, kisha nikaufunga. La pili, katikati. Maji yalitiririka kwenye ile buluu yakaanguka. Watu waliokuwa wamekaa barazani wakinywa chai walishusha vikombe tulipopita. Robo ya njia ikaisha. "Umechoka?" akauliza baba yake. "Hapana." Nusu ya njia. "Panda kidogo, mwanangu, upumzike." "Hapana, Baba." Jasho limemtoka, mdomo umebanwa, anarusha mguu, anakanyaga, anarusha mguu. Nikamtazama Mtoro. Alikuwa anasukuma baiskeli tupu na machozi yanamshuka mpaka kwenye ndevu, wala hayafuti.

Shuleni watoto walikuwa wanapanga mstari. Zuleha aliingia katikati yao akasimama. Sisi tukabaki pale uwanjani, mimi na kanga mdomoni, yeye na baiskeli yake yenye mto, hatuwezi kwenda mbele wala kurudi. Mstari ukaanza kuingia darasani. Alipofika mlangoni Zuleha aligeuka, akatuona bado tumesimama. Akakunja uso, ule uso wangu mimi kabisa.

"Nendeni nyumbani basi!" akasema. "Watu wanawatazama."

Tukaenda.